Pengo kwenye Uzio wa Pilipili

Siku ile nilikwenda Songea kugombana, sifichi. Yule mtafiti, Aurelia, binti wa pale pale mjini, alikuwa amekaa kwetu Lusewa msimu mzima, anatoka shamba hadi shamba na simu mkononi, anataka tumwonyeshe kila kinyesi cha tembo na kila unyayo. Tukamwonyesha. Halafu zikatufikia habari kwamba anataka kipande cha ardhi kiachwe wazi tembo wapite, na kipande chenyewe ni ekari zangu tatu za ufuta. Tangu hapo kila aliponipigia simu nilikata. Nikasema nitakwenda huko huko kwao, nitamsikiliza kwa masikio mawili na kumjibu kwa mdomo mmoja, na huo mmoja utamtosha.

Haki ya kusema nilikuwa nayo. Uzio wa pilipili kule kwetu niliuleta mimi, Zabibu. Niliuona Tunduru nilipokwenda kwenye msiba: kamba ya katani, vitambaa vimechovywa kwenye oili chafu yenye pilipili ya kusaga, tembo akinusa anageuka. Niliporudi nikalizungushia shamba langu, na mwaka ule nikavuna wenzangu wakiwa wanalia. Mwaka uliofuata wakaja niwafundishe. Baada ya hapo kila aliyelima upande wa msituni alikuwa na kamba yake, imeunganishwa na ya jirani, kutoka mtoni hadi barabarani. Wakaniita Mama Pilipili. Saleh, ambaye shamba lake limepakana na langu na ulimi wake haupakani na kitu, alisema jina hilo lilinistahili hata kabla ya uzio.

Kikao kilikuwa Msamala, kwenye ukumbi wa kukodi. Tulitoka kijijini watu wanane. Aurelia alinipokea mlangoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja na maneno yangu."

"Nayataka yote, mama. Lakini nakuomba utazame kwanza."

Akazima taa, akawasha projekta. Picha ya kwanza ilipigwa kutoka kwenye ndege wakati mimi sijazaliwa. Msitu mtupu hadi mtoni, na katikati mstari mweupe, mwembamba, umenyooka. Akasema hiyo ndiyo njia ya tembo, walikuwa wanaifuata kwenda kunywa maji na kurudi. Picha ya pili ilikuwa ya mwaka huu. Msitu umebaki vipande, na mashamba yetu yamejaa kati yake. Ule mstari mweupe ulikuwa umepita katikati ya ufuta wangu. Nikafungua mdomo.

"Bado mama," akasema kwa upole. Akaongeza mistari myeusi. "Hizi ni kamba zenu. Sijabahatisha, ni vipimo mlivyonipa wenyewe. Kila mtu alilinda shamba lake, na kila shamba lilipona. Hakuna aliyekosea. Ila tembo hatembei kwenye shamba moja, anatembea kwenye nchi yote. Ukimfungia hapa, anakwenda pale. Mimi nilitaka kujua pale ni wapi."

Ndipo zikaja alama nyekundu za nyayo na vinyesi, mwezi kwa mwezi. Januari zilitawanyika huku na huku. Februari zikaanza kuifuata kamba. Machi zikawa msururu, kama siafu waliokuta ukuta wanatafuta tundu. Aprili na Mei hapakuwa na alama mahali pengine popote. Zote zilikuwa zimeingia kwenye pengo moja tu, upana wake kama hatua arobaini, na katikati ya pengo palikuwa na kinyumba kidogo.

"Kamba yote hii, kilomita nne, imekatika hapa tu," Aurelia akasema. "Niliwauliza wenye nyumba ni kwa nini. Wakasema nimuulize mwenye shamba."

Hakuna aliyeuliza mwenye shamba ni nani. Watu saba wakageuza shingo wakanitazama.

Kwetu kijana akioa anakuja kujenga kwa wazazi wa mke. Azizi alikuja kwangu hivyo, miaka mitatu iliyopita, nikampa kiwanja chini ya shamba, akajenga kwa mikono yake nyumba ya udongo, akaishi humo na Zulfa wangu. Sasa wana Nasrin, wa miezi minane. Mkwe na mama mkwe hatutazamani usoni wala hatuitani majina. Neno langu kwake linapitia kwa Zulfa, na lake kwangu vivyo hivyo. Na kamba haipiti mbele ya mlango wa mkwe. Kumzungushia mkwe kamba ni kumwambia arudi kwao. Kwa hiyo siku ile nilipoifikisha kwake niliikata, nikaruka uwanja wake, nikaianza tena ng'ambo. Nilijiona mwanamke mwenye adabu zake.

"Mganga hajigangi," Saleh akasema taratibu. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimetembea nyumba kwa nyumba kufundisha watu kufunga kamba, na kila fundo lilikuwa linawasukuma tembo kidogo kuelekea kwenye kitanda cha mjukuu wangu. Nilipopewa jina nilicheka. Nililipenda lile jina, Mungu anisamehe.

"Wamepita lini mara ya mwisho?" nikauliza.

"Siku nne zilizopita. Kumi na mmoja." Aurelia alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Mahindi yamekauka kila mahali, mama. Watarudi, labda leo, labda kesho. Nilikupigia wiki nzima."

Basi la mwisho la kwetu lilikuwa limeshaondoka. Simu ya Zulfa haikupatikana. Nilipiga mara sita, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia maneno yale yale mara sita. Kulikuwa na namba nyingine, ya mumewe. Zulfa aliniandikia siku ya harusi, kwa dharura, na sikuwahi kuipiga hata siku moja.

Nikapiga.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Nilimsikia akiweka jembe chini.

"Mama?"

"Azizi." Jina lilikuwa limenitoka kabla sijalifikiria. "Mtoe Zulfa na mtoto humo ndani. Sasa hivi, jua likiwa bado juu. Nendeni kwangu mlale huko. Usichukue hata sufuria."

"Ndiyo mama." Nilidhani amekata. Halafu akasema, "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Wameshakuja mara tatu. Tangu Machi tunalala kwa zamu, mmoja anashika debe la kupiga. Nilimwapisha Zulfa asikwambie. Wewe ndiye uliyenipa mahali pa kujenga, mama. Ningesemaje kwamba hapafai?"

"Nendeni," nikamwambia. Maneno yote niliyokuja nayo Songea nilikuwa nimeyasahau.

Tulifika Lusewa kesho yake saa sita mchana, Aurelia akiwa pamoja nasi. Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa Azizi, wanaongea kwa sauti ya chini kama msibani. Ukuta wa upande wa msituni haukuwepo. Udongo wake wote ulikuwa juu ya kitanda, na chandarua cha Nasrin kilikuwa kimekandamizwa humo, kimebaki kipande tu kinaonekana. Chini, pale Zulfa anapowekaga kanga ya kumlazia mtoto mchana, palikuwa na unyayo mpana kuliko sinia. Zulfa alikuwa amembeba mtoto mgongoni, anamtikisa ingawa hakuwa analia. Nilimgusa mtoto kichwa. Nilimgusa tena.

Azizi alisimama pembeni, amenipa mgongo, kama inavyotakiwa.

Nikachukua panga nikapanda shambani. Ufuta ulikuwa umesimama vizuri, vitumba vimejaa, umebakiza wiki mbili. Nikakata kamba upande wa msituni, pale ulipoingia ule mstari mweupe wa Aurelia, nikaenda nikakata na upande wa mtoni.

"Mama Pilipili, si uvune kwanza?" Saleh akaita kutoka mpakani kwake. "Wiki mbili tu."

"Hizo wiki mbili akalale nani pale chini? Wewe?"

Saleh akaja akaanza kung'oa nguzo.

Nilipoanza kuivuta kamba nikahisi kuna mtu ameshika ncha ya pili. Alikuwa Azizi. Tukaivuta, tukaikunja, tukateremka nayo hadi kwenye pengo. Akafunga upande wake kwenye nguzo ya zamani, akaja na kamba hatua kwa hatua, hadi akafika mbele ya mlango wake. Pale akasimama, kamba mkononi, macho chini, anangoja.

Nilimtazama usoni. Sikujua kwamba ana kovu dogo juu ya jicho.

"Pitisha, Azizi," nikamwambia. "Hapo hapo mlangoni."