Perohe za Mtaa Mzima

Mwishoni mwa Oktoba suruali ya hoki ya Kaspars ilikataa kufungika, na Orest Prokopiw ndiye aliyeitwa sebuleni kuvuta kamba.

"Vuta tumbo ndani," Orest alisema.

"Nimeshavuta, baba Orest."

"Hapo ndipo umevuta?"

Kijana alikuwa ametoka Latvia mwezi wa nane, mwembamba kama mpini wa fagio, kuja kucheza hoki ya barafuni katika timu ya vijana ya Mirnyk. Mirnyk ni mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan, na wachezaji wanaotoka mbali hukaa kwenye nyumba za wenyeji. Kaspars aliangukia kwa Orest na mkewe Lorna, ambao watoto wao wote walishahamia Calgary. Orest alikubali kwa sharti kwamba asisumbuliwe. Sasa alikuwa amepiga magoti nyuma ya kijana wa watu, akikaza kamba kama anafunga mzigo wa majani makavu.

Kesho yake kocha Delorme alimnasa Orest kwenye duka la vipuri.

"Mnamlisha nini beki wangu? Anarudi nyuma kama trekta linalotafuta pa kuegesha."

"Kwangu anakula kama watu."

"Basi sikiliza. Kuna kijana Winnipeg anasubiri simu yangu. Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi, huyu wako akiwa bado hivi, nambandua."

Orest alielewa. Kwenye chumba cha kuvalia, juu ya msumari wa kila mchezaji kuna kipande cha plasta nyeupe chenye jina lake. Delorme si mtu wa hotuba. Ukikuta plasta yako imebanduliwa, unafungasha.

Alirudi nyumbani bila vipuri alivyofuata, na hilo likamkera zaidi.

"Leo umekula wapi?" alimuuliza Kaspars.

"Kwa Bibi Stefka. Perohe."

Perohe za Stefka, jirani yao mzee, ni kama sambusa za kuchemsha, zimejaa viazi na jibini, zinaogelea kwenye siagi.

"Halafu?"

"Dada yake alikuwepo. Akasema za Stefka hazina kitunguu cha kutosha, nikaonje zake."

"Halafu?"

"Kwa padri. Soseji."

"Na hapa umemaliza sahani mbili. Huwezi kusema umeshiba?"

Kaspars alimtazama kama ameambiwa akampige mtu kofi. "Bibi yangu alinifundisha, mgeni habakishi chakula. Ni kumtukana aliyepika."

Orest akavaa koti, akaenda kwa Bibi Stefka kumaliza mambo kiume. Alirudi baadaye na siagi kwenye masharubu na bakuli lililofunikwa mkononi.

"Umemwambia?" Lorna aliuliza.

"Nilianza kumwambia."

"Ukaishia perohe ya ngapi?"

Orest alifuta masharubu.

Jumapili iliyofuata theluji ilifika magotini. Baada ya ibada, akina mama wakinywa kahawa ukumbini, Orest alisema kwa sauti, kana kwamba anaongea na kikombe chake, kwamba kijana wa watu hana raha. Kwao Latvia mwanamume hali chakula cha jirani kabla hajamfanyia kazi. Kula bure kunamtesa.

Ulikuwa uongo mtupu. Bibi Stefka akaweka kikombe chini.

"Muda wote huu mtoto anakula kwa aibu, na wewe umenyamaza? Una moyo gani, Orest?"

Jumatatu Kaspars alipobisha hodi, alikabidhiwa beleshi kwanza. Dada yake Stefka hakukubali kupitwa, akamwonyesha paa la banda. Padri alikuwa na ngazi za kanisa. Theluji ya Mirnyk ukiigeuzia mgongo imeshajaa tena, kwa hiyo kazi haikuisha, na perohe nazo hazikuisha. Ila tumbo liliisha.

Katika mechi ya mwisho kabla ya Krismasi, Mirnyk wakiongoza kwa bao moja, mshambuliaji wa wageni alichomoka peke yake kuelekea kwa kipa. Kaspars alikuwa nyuma yake mbali. Orest aliacha kutafuna.

"Zoa!" Bibi Stefka alipaza sauti kutoka safu ya mbele. "Zoa kama uani kwangu!"

Kijana alikata barafu, akamfikia, akazoa kile kisahani cheusi kinachochezewa hoki kutoka miguuni mwake kama anasafisha njia ya kisimani.

Mechi ilipokwisha Orest alijipenyeza chumba cha kuvalia. Plasta ilikuwepo, imekunjika pembeni. Aliibana kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini?" Delorme aliuliza nyuma yake.

"Choo."

"Unakuja hapa tangu ukiwa mtoto, bado hujui choo kilipo? Toka. Na plasta sibandui."

Nyumbani meza ilikuwa tayari. Kaspars alishakaa, kijiko mkononi.

"Baba Orest, Bibi Stefka amenieleza desturi ya kwetu. Sikuwahi kuisikia."

"Wewe umetoka mjini, huwezi kujua."

Orest alivuta kiti. Lorna akakirudisha kwa mguu, akamwekea beleshi mkononi.

"Njia ya gari haipitiki," alisema. "Tunafuata desturi ya Latvia."

Akiwa nje, mgongo ukimuuma, alimwona dirishani Kaspars akijipakulia mara ya pili. Akagonga kioo kwa mpini.

"Nibakizie."

Kijana akatikisa kichwa. Mgeni habakishi.