Nafasi Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi asubuhi fundi wa kompyuta alikuwa sebuleni kwa kaka yake, akihangaika na kompyuta ya nyumbani iliyojaa mpaka kuiwasha ilikuwa kazi ya nusu siku. Mama yao alikuwa chumbani kwake, mwisho kabisa wa nyumba, amekunja miguu. Chumba kile kilikuwa kifupi kuliko mama mwenyewe. Kitanda cha kawaida kiligoma kuingia, wakakikata kwa msumeno, na tangu siku hiyo magoti yakawa yanamuuma mpaka machozi. Daktari alisema mama huyu anyooshe miguu. Ainyooshee wapi, hakusema.

Vyumba vilikuwa vitatu, vimefuatana: cha mama, cha kaka na mkewe, halafu sebule. Sebule ndiyo kubwa. Makochi yake hayajavuliwa nailoni, yanasubiri wageni, na wageni wenyewe wakifika mtaa ule hujifanya wamepotea njia. Diski ya kompyuta nayo ilikuwa imegawanywa vivyo hivyo, sehemu tatu ziitwazo patisheni: ya kwanza imebanwa hoi, ya mwisho tupu.

Fundi akaikamata ile ya mwisho kwa kipanya, akaivuta ipungue. Ukuta wa sebule ukasogea pamoja nayo, kwa mlio wa kabati linaloburutwa. Makochi yakabanana.

"Nani anahamisha vyombo?" kaka akauliza kutoka kitandani.

"Mimi. Napunguza sebule."

"Usinikwaruzie sakafu."

Kati ya sebule na chumba cha kaka kukawa na nafasi pana isiyo ya mtu. Haikuwa na rangi. Nzi aliingia, akazunguka, akaona hakuna wa kumsumbua, akatoka. Fundi alifurahi, jamani! Pale pangeingia kitanda kizima, na miguu ya mama yote miwili, na kigoda cha mtu wa kumjulia hali.

Sasa, kila fundi anajua kwamba nafasi tupu huunganishwa na jirani yake tu, hairuki mtu kwenda kwa mwingine. Hata yeye alijua, ila furaha ilimsahaulisha. Ili nafasi imfikie mama, chumba cha kaka kilibidi kisogezwe kwanza upande wa sebule. Akajaribu. Kikakataa katakata, kwa sababu patisheni inayotumika haisogezwi, na kaka alikuwa anaitumia. Alikuwa amelala.

"Kaka, toka kidogo nikusogeze. Ni kwa ajili ya mama."

"Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi ya kaka, we acha tu! Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Aliyetoka ni wifi, na kanga yake begani, akaitazama ile nafasi kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Wifi yangu, hii imepakana na nani?" akamuuliza fundi.

"Na nyinyi. Lakini ni ya mama."

"Mama kalalamika?"

"Msigombane, wanangu," mama akasema kutoka kwake. "Mimi nimeshazoea."

"Si unasikia?" wifi akasema. Akapita kwenye kompyuta, akabonyeza ndiyo ya kuunganisha, kama anayezima taa, akaenda kusukuma kabati lake la kioo. Ukuta wa chumba chao ukaondoka. Nafasi ikapata rangi, ile ile ya chumba cha kaka.

Fundi alikasirika. Alitaka kuirudisha palepale, lakini kwa hilo pia kaka angepaswa kutoka kitandani. Akaita tena. Kaka akajibu kwa mbali sana sasa, na hakusikika alichosema.

Jioni kaka aliamka mwenyewe. Alitembea kitambo mpaka akaufikia mlango wake, akapiga hodi kwa mama.

"Shikamoo mama. Chumba kimekuwa kikubwa mno, baridi inaniua. Lile blanketi lako zito unalitumia?"

"Marahaba. Hata, lipo tu," mama akasema. Akalivuta kutoka magotini, akalikunja vizuri, akampa. "Ukilala ujifunike mpaka miguuni, baba. Usije ukaumwa."

Kisha akaikunja miguu yake zaidi kidogo, ipate joto.