Watani wa Jozi ya Tano

Karatasi niliichota mimi mwenyewe kutoka kwenye kofia ya mchungaji, kwa mkono wangu wa kulia, mbele ya watu wote. Iliandikwa Vunidilo. Maana yake kijiji cha Vunidilo wapewe dawa ya kumeza ya upele wiki ile ile, na jirani zao wa Nasaulevu wangoje miezi kumi na miwili. Hakuna aliyeweza kusema nimependelea.

"Sista Unaisi," akaniita Mzee Waisake, mkuu wa kijiji cha Nasaulevu, ameketi na bakuli lake la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. "Hebu nieleweshe mimi mjinga. Dawa mnayo?"

"Tunayo, mzee."

"Na upele wetu mmeuona?"

"Tumeuona."

"Na bado mnataka mwaka mzima mkae mtutazame tunavyojikuna."

Ukumbi ukaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni Vunidilo. Mmoja wao alimwambia Mzee Waisake asijali, watamletea makumbi ya nazi ya kujikunia.

Nikaeleza kama sisi wauguzi wa utafiti tulivyofundishwa. Upele unaweza kupungua kwa msimu, kwa sabuni, hata kwa bahati tu. Tukiwapa wote kwa pamoja hatutajua kilichowaponya ni nini. Ndiyo maana tumechukua vijiji kumi na sita, tukavipanga jozi nane zinazolingana kwa idadi ya watu, kwa maji na kwa umbali wa zahanati, na kila jozi tunaipigia kura. Mwisho wa mwaka anayengoja naye atapewa, kijiji kizima kwa siku moja. Na hesabu ikionyesha dawa inafaa, wizara itaisambaza visiwani kote. Niliyasema vizuri, nayaamini mpaka leo, na ndiyo maana yananikera.

Mzee Waisake ana mjukuu, Kelera, wa miaka sita. Nilishampaka dawa ya maji mara nne. Anapona, anarudi kulala mkeka mmoja na ndugu zake watano, na baada ya wiki tatu yuko palepale. Mwaka uliotangulia vidonda vilitunga usaha, akavimba uso na miguu, figo zikagoma, akalazwa mjini siku kumi na tisa. Daktari aliniambia pembeni kwamba safari ya pili huenda asirudi. Mtoto yule hakuhitaji dawa yake peke yake. Alihitaji kijiji chake chote kimeze siku moja. Kura yangu ikamwambia angoje.

Sasa niseme linaloniuma. Siku tulipopanga jozi, Profesa Hartigan, mkuu wa utafiti, alituuliza sisi wenyeji kama kuna lolote kuhusu vijiji hivi ambalo yeye, mgeni, halijui. Nikasema hakuna. Na nilijua kwamba Nasaulevu na Vunidilo ni watani, watani wa mzimu mmoja tangu enzi za mababu. Mtu wa Nasaulevu akiingia Vunidilo anachukua nguruwe, anachukua mkeka, anamtukana mwenye nyumba, na mwenye nyumba haruhusiwi hata kukunja uso. Kesho yake zamu inageuka. Mimi nilidhani utani ni vichekesho vya msibani, nikaona aibu kuuleta kwenye mkutano wa wasomi. Msomi wa kweli angeusema.

Dozi ya kwanza Vunidilo waliimeza mbele yetu. Ya pili ilipaswa kufuata baada ya siku saba, kwa sababu ya kwanza haiui mayai ya wadudu. Lakini mvua ikanyesha siku tatu, barabara ya kutoka mjini ikakatika, nikampigia simu Torika, mhudumu wa afya wa Vunidilo, agawe mwenyewe vidonge tulivyomwachia kwenye ndoo. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Sikuwa nao.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Nasaulevu kuhesabu vipele. Kelera akaja anakimbia, ngozi yake laini kabisa, makovu tu. Nilifurahi mpaka nikambeba. Kisha nikaogopa.

"Mzee, huyu mtoto mmempaka nini?"

"Hatukumpaka. Amemeza."

"Amemeza nini?"

"Dawa ya watani." Mzee Waisake alisema bila kuficha, kama mtu anayesimulia alivyonunua chumvi. "Si tulikwenda kuzika kule wiki ya mvua? Tukachukua mikeka miwili, nguruwe mmoja, na ndoo ya Torika. Nusu tuliwaachia, sisi si majambazi."

"Mlimezaje?"

"Mtu mzima kimoja, mtoto nusu. Vilipoisha, basi. Mtu hujikuna ajipatapo, Sista."

Nilimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyedhurika, halafu nikaenda moja kwa moja kwa Torika, nimefura.

"Kwa nini hukukataa?"

"Nimkatalie mtani, dada? Tena msibani?" Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo kanisani. "Wewe mwenyewe ungekataa?"

Nisingekataa.

Jioni nikalinganisha karatasi za hesabu za vijiji vyote viwili. Vunidilo upele ulikuwa umepungua nusu. Nasaulevu umepungua nusu. Mtu asiyejua angesoma kwamba waliopewa dawa na wasiopewa ni sawasawa, kwa hiyo dawa ni bure. Nikinyamaza, uongo wangu ungeingia kwenye hesabu ya visiwa vyote. Nikisema, jozi yao, ya tano, ingetolewa kwenye utafiti, na dawa ya mwisho wa mwaka ilikuwa ya walio ndani ya utafiti tu. Nilikaa na karatasi zile siku tisa. Siku ya kumi niliandika ukweli wote, pamoja na kosa langu la kutosema habari ya utani, na mwishoni nikaomba kwa unyenyekevu Nasaulevu wasinyimwe fungu lao.

Profesa alijibu kwa upole sana. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema utani ni jambo la kuvutia na angependa siku moja nimweleze zaidi. Jozi ya tano imeondolewa, na fungu lake la dawa linahamishiwa jozi mpya upande wa pili wa kisiwa, ili jumla ibaki nane. Nikaenda wilayani kuomba dawa ya kijiji kimoja tu. Wakaniambia wizara inasubiri matokeo ya utafiti. Nikawaambia mimi ndiye huo utafiti. Wakacheka, wakanipa chupa mbili za dawa ya kupaka.

Mwezi wa tano tangu siku ya kura nikapanda tena Nasaulevu. Nilikuta wanajikuna. Waliokosa vidonge walikuwa wamewaambukiza waliovipata, kama nilivyojua ingekuwa. Mzee Waisake alinikaribisha, akanitilia yaqona, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Kwa hiyo tumefutwa," akasema.

"Mmefutwa, mzee. Nisamehe."

"Hata mwisho wa mwaka hatungoji tena."

"Hamngoji tena."

Akafikiri. "Na upele, Sista, nao umeambiwa?"

Waliokuwa barazani wakacheka, na mimi nikajaribu kucheka nao, nikashindwa. Nikazitoa zile chupa mbili nikaziweka mkekani katikati yetu. Watu wa Nasaulevu ni mia moja na arobaini. Hakuna aliyezigusa.

Kelera alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliponiona nimeziweka chupa chini alidhani sasa ni zamu yake. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akanyoosha mikono, akatanua vidole vyote kumi na kutulia, mtoto mwenye adabu, ili nimhesabu vizuri. Nikamhesabu. Vipele vilikuwa thelathini na moja, viwili vimeanza usaha, na macho yake yalikuwa yamevimba kidogo.

"Andika," akaniambia.

Sikuwa na karatasi yenye jina lake.