Kuanzia Kistari cha Kwanza

Mama Mukashema alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri misa ianze. Ilikuwa mara yake ya tatu kushuka kutoka kambini hadi ofisi ya kutafuta jamaa waliopotezana, pale Mweso.

"Jina ya mutoto ni Joséphine-Marie," alisema. "Tulikimbia Rubaya, tukapoteana mu njia."

Annonciata, karani wa orodha, aliliandika jina hilo kwenye kompyuta. Halikuwamo. Alitaka kurudia maneno ya wiki iliyopita, kwamba jina halimo. Badala yake akafungua orodha ghafi iliyotoka ofisi ya Bweremana, kabla kompyuta haijaisafisha, akaisoma kwa macho yake, mstari baada ya mstari. Huyo hapo: Joséphine-Marie-Rubaya.

Makarani wa huko waliandika jina, kistari, kisha kijiji. Annonciata ndiye aliyetunga amri fupi za kompyuta za kukiondoa kijiji. Alitia alama mbili za asilimia, ambazo hukata kuanzia kistari cha kwanza. Moja ingekata kuanzia cha mwisho. Hivyo binti akabaki Joséphine mtupu, akachanganywa na kina Joséphine wengine, akafutwa kama aliyeandikwa mara mbili.

"Kosa ni yangu, Mama. Mashini niliiambia mubaya."

"Iko muzima?"

"Iko. Tupige simu Bweremana sasa hivi."

Binti aliletwa kwenye simu. Mama alisikiliza, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Hatimaye akauliza, "Umekula?"

Mama alipoondoka, Annonciata alifuta alama moja ya asilimia, akaziendesha amri upya. Majina arobaini na moja yakarejea. Ofisi ilikuwa kimya, na ukimya ule aliujua. Ndio uliomngoja kila jioni nyumbani, penye sahani moja na kikombe kimoja. Kwa miaka miwili, kila aliyemuuliza habari za mumewe alimjibu kwamba Théoneste yuko machimboni. Alikuwa mganga asiyejiganga: maelfu ya majina yalipita vidoleni mwake, hilo moja vidole vikalikwepa.

Sasa akaliandika. Akalitafuta likiwa na alama juu ya e, bila alama, bila h. Hakuna.

Akafungua orodha ya wanaotafutwa. Akajaza jina la mumewe na kijiji alikoonekana mara ya mwisho. Chini palikuwa na nafasi ya jina la anayetafuta. Annonciata aliandika la kwake polepole, herufi kwa herufi.