Seli za Daktari Eunike

Daktari Eunike hakuwahi kuzungumza na seli zake. Mlutheri wa Masama hawezi kukutwa akiongea na chupa. Lakini kila asubuhi aliinama kwenye hadubini akazikagua kama mama anavyokagua ng'ombe wake kabla ya kukamua, na akiinuka alijua chupa ipi ina njaa na ipi imeshiba. Justina, msaidizi wake, alimtazama na kujiuliza kama yeye atafika huko siku moja.

Seli hizo zilitokana na mnyama mdogo wa jamii ya panya. Ndani yake Eunike alikuwa amepandikiza jeni ya binadamu inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ya kugandisha damu. Mtoto anayezaliwa bila protini hiyo akijikata kidogo tu, damu haikatiki upesi. Ile ya maabara yao pale Moshi haikuwa dawa ya kumchoma mtu sindano, ilikuwa ya utafiti. Hata hivyo ilipaswa kuwa protini ya binadamu hasa, si ya kubabaisha. Bakteria wangeitengeneza haraka zaidi, ila wangeiacha nusunusu, kwa kuwa hawajui kuibandika sukari zake.

Justina alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mwisho wa mwaka Eunike angeamua kama abaki au aende, naye alitaka kubaki kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwezi wa kumi na moja akaenda kwao Uru, kwenye kipaimara cha mdogo wake. Binti wa nyumba akifika shughulini si mgeni: huvua viatu vya mjini akashika mwiko. Justina alikoroga mbege, ile pombe ya ndizi, akaionja, akawagawia wajomba, povu likamrukia hadi kwenye nywele. Maabara ilikuwa na sheria juu ya jambo hilo, na sheria ya namna hiyo huipati ila mlimani: aliyegusa mbege asikanyage chumba cha seli mpaka siku mbili zipite. Mbege ina chachu, na chachu ikiiona lishe tamu ya seli haibishi hodi.

Jumatatu, siku moja tu baada ya sherehe, akakumbuka kwamba seli zinahitaji lishe mpya, na Eunike yuko Dar. Akaoga, akasugua kucha, akajiambia maji na sabuni vinatosha. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye bidii nani humwonya? Akaingia.

Eunike aliporudi, chupa zote zilikuwa zimechafuka kama togwa. Akatazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, kisha akampisha Justina. Katikati ya seli zilizokufa kulijaa vitone vya mviringo, vikichipua vitone vingine.

"Nyumbani kulikuwa na mbege?" Eunike akauliza.

"Ndiyo, Daktari. Lakini nilioga. Niliogopa zitakufa njaa."

"Zingevumilia. Seli huvumilia njaa kuliko zinavyovumilia wageni."

Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Justina. Walimwagia jiki kila chupa, wakasugua chumba kuanzia dari hadi sakafu. Halafu Eunike akavaa glovu nene, akatoa kwenye pipa la naitrojeni kichupa cha seli za akiba alizozigandisha zamani, akakiweka mkononi mwa Justina. Justina alidhani anashikishwa tu.

"Zilee," akasema Eunike, akaenda kunawa.

Basi akazilea. Krismasi ikakaribia, na Wachaga wa kila pembe wakaanza kupanda mlima kwenda makwao, magari yamejaa watoto na magunia ya mchele. Mama yake alipiga simu kila mara kuuliza anafika lini. Aliposikia kwamba binti haji, alitaka kujua kama ameolewa kimyakimya.

Siku moja kabla ya mkesha wakapitisha kwenye jeli protini waliyokwisha kuivuna na kuisafisha, ili waupime uzito wake. Ukatokea mstari mmoja, safi, lakini juu mno: ulikuwa mzito kuliko hesabu ya jeni ilivyosema. Justina akautazama mara ya pili, ukawa palepale. Ameharibu tena, na mwaka ndio huo umekwisha.

Eunike alitia kimeng'enya cha kukata sukari kwenye sehemu ya protini ile, akaipitisha upya kando ya ile isiyokatwa. Safari hii mstari ulishuka mpaka karibu kabisa na ile hesabu. Uzito wa ziada ulikuwa sukari zenyewe, zilizobandikwa na seli bila kufundishwa na mtu. Wakaijaribu ile isiyokatwa kwenye sampuli ya damu iliyokuwa ikikataa kuganda, ikaganda. Eunike akaketi chini, akatikisa kichwa kwa furaha.

Simu ya Justina ikalia. Alikuwa mama yake tena. Eunike akaiomba.

"Shikamoo mama. Mimi ni Eunike, wa maabara. Binti yako amelea seli mpaka zimetupa protini ya binadamu, kamili, na sukari zake zote. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijapata kuona mstari safi kama huu. Naomba unisamehe kwa Krismasi hii. Na mwakani pia nitamhitaji."

Akamrudishia Justina simu. Justina alianza kumwamkia, machozi yakamkatiza. Mama yake, aliyelisikia lile neno la mwakani sawasawa na yeye, akamwacha alie.