Moshi Juu ya Kiwanja cha Kidodi

Hezekia hakuwa mtu wa kukimbia, na goti lake lile bovu. Lakini asubuhi ile watu wa Kidodi walimwona akitimua mbio kuelekea kiwanja cha ndege, kile cha vumbi kando ya mashamba ya miwa, huku akilia, "Nimemuua mwanangu! Jamani, nimemuua!"

Binti yake Aneth, mwanafunzi wa urubani, alikuwa anakuja akiendesha ndege ya chuo kutoka Morogoro, peke yake, kwa mara ya kwanza. Atue Kidodi, aruke tena, arudi. Asipotua, safari haihesabiwi. Anairudia kwa kulipa upya. Na malipo yenyewe sasa! Saa moja angani ilikula nusu lori la miwa. Majirani walimtania Hezekia: "Mzee, ukinunua ndege yako utaifunga wapi, banda la mbuzi?" Alicheka nao, lakini kila akimpigia binti simu alimsisitiza, "Mama, usipoteze hata dakika moja."

Ndiyo maana aliomba zamu yake ya kuchoma shamba iwahishwe, apate hela mapema. Miwa huchomwa majani kwanza ndipo ikatwe, na zamu ikikupita unakaa mwezi mzima bila hela. Akapewa siku hiyo hiyo ya safari, akashukuru, wala moshi haukumjia akilini. Mdogo wake Zabron aliwasha moto alfajiri, hewa imetulia. Saa tatu upepo ukageuka, moshi wote ukalala juu ya kiwanja.

Sasa mlio wa ndege ukasikika. Hezekia alimjua mwanawe: angelazimisha kutua, na aliyemjaza hofu ya dakika ni yeye mwenyewe, baba mtu.

Alivua shati jeupe alilovaa kwa ajili ya kumpokea, akasimama katikati ya kiwanja akilipunga.

"Kaka, toka hapo!" Zabron alipiga kelele. "Itakugonga!"

"Inigonge! Nikiwa hapa hatatua!"

Ndege ikatokeza kwenye moshi, chini kabisa, magurudumu yakimjia usoni. Hezekia akafumba macho. Mlio ukapanda ghafla, upepo ukamwangusha chali. Alipofumbua macho, ndege ilikuwa juu ya milima, inarudi ilikotoka.

Simu iliita baada ya saa nzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umefika salama?"

"Nimefika." Aneth akaanza kulia. "Safari haikuhesabiwa. Sikuona ardhi, baba, ila nikajisemea nishuke hivyo hivyo, miwa yako isiende bure. Ndipo nikaona mtu anapunga shati."

"Ulimjua?"

"Wapi! Nilidhani kichaa."

"Kichaa huyo ni mimi," Hezekia akasema, machozi yakimtiririka. "Miwa inakatwa leo. Irudie safari yako, mama. Na dakika zangu zile, naomba uzisahau."