Bampa la Mkaguzi

Rangi ilibanduka magamba magamba, kama ganda la yai lililochemshwa, na kila gamba lilimtia Msasa uchungu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeipaka. Hii ilikuwa mara ya tatu. Bampa lenyewe lilikuwa zima, plastiki haina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni rangi tu, nyufa nyembamba zilizotambaa kutoka taa moja hadi nyingine.

Alikuwa amelilaza juu ya matairi mawili nyuma ya gereji. Mdomoni na puani alifunga mkono wa shati kuukuu, na vumbi jeupe lilipita humo bila hodi. Kila baada ya dakika chache alisimama, akashika ukuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akarudi kusugua. Mafundi wenzake walimwita Msasa kwa miaka kumi na tisa ya kazi hiyo. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye fomu.

Fomu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya nailoni. Daktari wa kifua alikuwa amejaza sehemu ya kwanza.

"Sehemu ya pili ajaze mkaguzi wa usalama kazini," alimwambia. "Akiandika kwamba umefanya kazi bila kinga, unalazwa wiki hiyohiyo na unatibiwa kwa bima ya wafanyakazi. Asipoandika, mzee wangu, mimi mikono yangu imefungwa."

Miezi minne Msasa alikwenda ofisi ya mkaguzi, na miezi minne aliambiwa mkaguzi yuko safarini. Safari gani hiyo isiyokwisha, Msasa hakuambiwa. Leo gari la mkaguzi huyohuyo lilikuwa limeegeshwa mbele ya gereji, halina bampa, na mwenyewe angelifuata.

Tajiri, mwenye gereji, alitokea na simu sikioni. Aliiondoa alipoliona bampa.

"Mbona umelichubua hivyo? Si nilikwambia uzibe nyufa kwa puti, usugue, upake?"

"Bosi, plastiki inapinda, puti haipindi. Ndiyo maana linarudi kila mara. Acha nibandue yote, niweke praima ya plastiki ya kushikisha rangi, na rangi niichanganye na ile dawa ya kulainisha. Ipo nusu kopo, ilibaki kwenye basi la shule."

"Mtu anakuja saa sita, wewe unaniletea somo."

"Nikilipua kazi tena, litapasuka tena."

"Likipasuka ataleta tena. Kwani anatudai?"

Hakudai, na hakudaiwa. Gari lake lilitengenezwa hapo bure siku zote, na kila mwaka cheti cha usalama kilitundikwa ofisini kwa Tajiri. Msasa alilijua hilo, na bado aliendelea kubandua. Alikuwa ameshapiga moyo konde: leo mtu huyu apewe kazi safi kuliko zote alizowahi kupewa, halafu tuone kama atakuwa na uso wa kumnyima sahihi.

Mkaguzi aliwahi, akafika saa tano, kijana nadhifu mwenye faili kwapani. Akalikuta bampa likiwa uchi.

"Hii ni nini sasa?" aliuliza.

Tajiri alianza kujiumauma. Msasa alishusha kitambaa, akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza: kwa nini limepasuka, na kwa nini safari hii halitapasuka. Mkaguzi alisikiliza, akapitisha kidole kwenye plastiki.

"Kumbe kuna mafundi hapa," alisema. "Tajiri, huyu mzee ulikuwa umemficha wapi?"

Roho ya Msasa ilifunguka. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa fomu.

"Mheshimiwa, nilikuwa na shida ndogo kwako."

Mkaguzi aliisoma amesimama. Alipofika sehemu ya pili alimtazama Tajiri, na Tajiri akanyoosha kidevu kuelekea ukutani, juu ya kompresa. Pale, kwenye msumari, ilining'inia barakoa ya vichujio viwili, ndani ya nailoni yake ya dukani. Ilinunuliwa mwaka juzi. Msasa aliiomba mara moja tu, akajibiwa: ikichakaa, wakaguzi wakija tutawaonyesha nini?

"Si ile pale?" mkaguzi aliuliza.

"Ile haivaliwi, mheshimiwa. Haijawahi kufunguliwa."

"Lakini ipo."

"Ipo."

Mkaguzi aliiweka fomu juu ya boneti ya gari lake, akaandika maneno matatu, akatia sahihi, akagonga muhuri aliotoa kwenye faili. Msasa aliipokea kwa mikono miwili. Ilimbidi asome mara ya pili ndipo aamini. *Amepewa. Hataki kuvaa.*

"Mheshimiwa..."

"Mzee, mimi naandika ninachokiona. Hebu ivae nikupige picha ya ripoti."

Tajiri mwenyewe aliitungua, akaitoa kwenye nailoni taratibu asiichane, akamvalisha. Kwa muda wa picha mbili Msasa alivuta hewa isiyo na vumbi wala harufu ya thina. Hakukohoa. Alikuwa amesahau kwamba kifua kinaweza kutulia hivyo. Kisha ikavuliwa, ikafutwa, ikarudishwa kwenye nailoni na kwenye msumari.

Alirudi kumalizia kazi. Angeweza kuacha dawa ya kulainisha na bampa lipasuke ndani ya mwezi, na alilifikiria hilo akiwa ameshika kopo. Lakini mikono ilikwishazoea kazi safi, akaimimina yote. Alipiga praima, akasubiri, akapiga rangi mkupuo kwa mkupuo, kitambaa cha shati puani. Rangi ilikaa kama kioo. Lisingepasuka tena, yeye alijua.

Mkaguzi alikuja kuliangalia, akainama, akaona uso wake humo, akaweka tai sawa. Msasa alikuwa kando yake, fomu mfukoni, na kifua kikaanza kumkaba. Mkaguzi alimwona anavyoinama, akamwekea mkono begani, akamsogeza polepole.

"Kohoa kule, mzee wangu. Rangi bado mbichi."

Msasa akaenda kukohoa kule, kwenye ukuta wa kompresa, chini ya msumari.